Mafuta Yanayoganda kwa Sumaku: Shokapu za MR, Ununue au Uache?

Wadau, karibuni tena. Leo mezani nina chupa ya mafuta meusi ya MR, yaani mafuta yanayokakamaa yakikutana na sumaku, sumaku yenyewe, na shokapu inayotumia mafuta ya aina hiyo, iliyong'olewa kwenye Range Rover Evoque. Kama unawinda gari la aina hiyo huko yadi, tulia hapa, maana kuna pesa yako ndani yake.

Naanza na chupa. Hii inaitwa MRF-132DG, inatoka kampuni ya Lord ya Marekani. Ukiinyanyua tu mkono unakwambia kuna jambo. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita ya mafuta haya inakaribia kilo tatu. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito huo ni chuma, unga laini wenye chembe za duara za mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zimechanganywa na mafuta na viungo vya kuzuia zisishikamane.

Sasa tazama hapa, nasogeza kamera. Namimina kidogo kwenye kikombe cha plastiki. Nakitikisa: yanacheza, mazito kidogo lakini yanacheza. Hapa chini naweka sumaku kali ya neodimiamu. Umeona? Uso wa mafuta umekakamaa, umekuwa wa kijivu, hauna tena ule mng'ao. Nachomeka msumari, unasimama wenyewe. Nakipindua kikombe… halidondoki tone. Naondoa sumaku, na yote yanamwagika kwenye sahani. Uji umekuwa ugali, na ugali umerudi kuwa uji, bila moto.

Sumaku iweke nje ya kikombe siku zote. Ukiitumbukiza ndani utaifuta mpaka kesho kutwa.

Kinachotokea ni hiki. Uga wa sumaku ukipita, kila chembe ya chuma inageuka sumaku ndogo, na chembe zinashikana kichwa kwa mkia hadi zinakuwa minyororo kutoka upande mmoja wa sumaku hadi mwingine. Ukitaka mafuta yateleze, lazima uikate minyororo hiyo. Haya ya mezani, uga ukiwa na nguvu ya kutosha, yanahimili karibu kilopaskali 50 kabla ya kuteleza. Yaani kila sentimita ya mraba inashika kama nusu kilo. Ukizidisha hapo yanatiririka, lakini kwa kupigania. Na kazi yote hii inachukua milisekunde chache.

Najua kuna mtu anataka kuandika "hii si ile yenye miiba?" Hapana. Ile ya miiba ni ferofluidi, kimiminika kinachosimama kama miiba karibu na sumaku; chembe zake ni ndogo kuliko hizi mara mamia, na haikakamai hivi. Ile ni ya kupendeza macho. Hii ni ya kubeba mzigo.

Wazo lenyewe si la jana. Jacob Rabinow alilionyesha Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, akitengeneza klachi. Likakaa kabatini muda mrefu, mpaka elektroniki za kuliongoza zilipokuwa rahisi. Mwaka 2002 Cadillac Seville STS ikatoka na shokapu za MagneRide, ndilo jina la kibiashara la shokapu hizi za MR, kisha Corvette, Audi TT, Ferrari 599. Leo mafuta ya aina hii yamo pia kwenye magoti ya bandia, na kuna viwanda vinavyong'arishia lenzi kwayo.

Haya, shokapu yenyewe. Shokapu ya kawaida ina vali ndani: vibati vyembamba vinavyopinda mafuta yakipita. Vimepangwa kiwandani, basi, ugumu wake ndio huo huo mpaka ife. Hii hapa haina vibati hivyo. Kwenye pistoni kuna koili ya waya, na pembeni yake upenyo mwembamba wa kupitishia mafuta. Kompyuta ya gari ikituma umeme, mafuta yaliyo kwenye upenyo yanakaza na shokapu inakuwa ngumu. Ikikata umeme, inalainika. Inarekebisha hadi mara 1000 kwa sekunde, kwa hiyo unapoingia kona kwa kasi gari halilali, na ukirudi kwenye tuta inakuwa laini tena. Hapo sina ubishi, ni kazi safi sana.

Tatizo ni chuma. Kwanza kinatuama. Angalia hii chupa nyingine iliyokaa rafuni: mafuta safi yamepanda juu, tope limekaa chini. Ndani ya gari linalotembea yanajichanganya yenyewe, lakini gari lililolala yadi miezi mingi ni habari nyingine. Pili, unga wa chuma unasugua. Sili za shokapu zinalika, na zikilika inavuja. Tatu, yakitumika sana kwa mzigo mkubwa, mafuta yenyewe huanza kuwa mazito, hayalainiki kama zamani hata bila umeme.

Je, fundi anaweza kuijaza upya kwa mafuta ya kawaida? Nimeulizwa sana. Asithubutu. Mafuta bila chuma hayasikii umeme, utabaki na bomba linalobembea. Na ule mchanganyiko wa unga wa chuma na mafuta ya kupikia unaotengenezwa nyumbani? Kumwonyesha mtoto sumaku, sawa, utafurahi naye. Lakini chembe zake ni kubwa na unatuama haraka, usiuingize kwenye gari. Haya yenyewe ya kiwandani, ukinunua kiasi kidogo, lita inakwenda mamia ya dola.

  

Sasa hukumu yangu. Kama mafuta, nayapa alama za juu kabisa. Kama shokapu kwa mtu anayeendesha lami nzuri na ana mfuko wa spea, chukua. Kama njia yako ya kila siku ni vumbi na mashimo, tafuta gari lile lile lenye shokapu za kawaida. Si kila Evoque ina hizi, zilikuwa za kuchagua.

Utazijuaje? Inama kwenye tairi, tazama shokapu kuanzia juu. Ukiona waya wenye plagi unaingia kwenye fimbo yake, huenda ndizo hizo. Pitisha kitambaa cheupe chini ya sili: ukitoka na mafuta meusi yenye tope la kijivu, imeanza kuvuja. Washa gari, soma dashibodi kama kuna taa ya saspensheni. Kisha fundi achomoe plagi apime koili kwa mita. Ikiwa haipitishi umeme, hiyo shokapu itabaki laini kila wakati. Bei ya shokapu mpya waulize wauza spea kabla hujakubaliana na mwenye yadi, na zidisha mara nne.