Tropico 6: nchi ya kubuni inayojua siasa kuliko inavyojua ardhi

Karibuni tena watazamaji wangu, mlio hapa Kisumu, Kakamega, Busia, Nakuru na kwingineko. Leo naichambua Tropico 6, gemu ambayo unakabidhiwa nchi ya kubuni katika visiwa vya Karibi uitawale tangu enzi ya ukoloni hadi zama hizi. Walimu wa historia mmeniomba niiangalie, na nawapa jibu mapema: sijaona gemu nyingine inayojua hivi namna mtu anavyong'ang'ania kiti. Ila hiyo hiyo imeruka jambo la kwanza kabisa kuhusu ukoloni, jambo lililowapata wazee wetu wa huku, na hilo ndilo nitakalolikalia leo.

Ya kiufundi nayapitia mbio. Imetengenezwa na Limbic Entertainment ya Ujerumani, ikatolewa na Kalypso Media mwaka 2019. Kwenye kompyuta inataka RAM ya GB 8, nafasi ya GB 16 kwenye diski na kadi ya picha ya wastani. Laptopu ya kazi za ofisi itaanza kukwama visiwa vikishajaa watu. Iko pia kwenye PlayStation na Xbox. Mnaweza kucheza hadi watu wanne kwa pamoja. Hifadhi mchezo wako kila mara, maana stima ikipotea umepoteza miaka mingi ya utawala. Nyongeza zinauzwa kando na ni nyingi, ziache kwanza.

Haya, tuingie ndani. Unaanza ukiwa gavana aliyetumwa na Ufalme, na umepewa muda wa kukaa. Muda ukiisha kabla hujatangaza uhuru, umefutwa kazi na mchezo umekwisha. Ukitaka kuongezewa muda unatimiza maagizo: peleka sukari kiasi fulani, jenga hiki, fanya kile. Hapa watengenezaji wamefanya kazi safi sana. Unaona koloni linavyoendeshwa kwa barua kutoka mbali, na aliyeiandika hajawahi kukanyaga unapokaa. Mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika Kisumu, eneo letu hili lilitolewa Uganda likatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Aliyekuwa akilima Kano au Bunyore hakuulizwa neno. Kwenye gemu wewe ndiye unayepokea barua kama hizo na kuzitekeleza, na ukicheza kwa makini utajichukia kidogo.

Sasa tazameni hapa kwenye skrini. Hili ni shamba la miwa nililoliweka karibu na gati. Pale penye kijani pana rutuba, pale pekundu udongo hauifai miwa. Nikimbofya mfanyakazi huyu naona jina lake, jamaa zake, anakolala, mshahara wake, hata anachokiwaza. Huyu analala kibandani, kwa kuwa sijajenga nyumba ambayo kodi yake ataimudu. Nikipandisha bajeti ya shamba, mshahara unapanda. Halafu sukari inangoja wachukuzi waifikishe gatini, na wachukuzi wakiwa haba inabaki shambani meli ikienda zake. Mtu wa Muhoroni au Chemelil aliyeona matrekta yamepanga foleni huku miwa inakauka juu yake hana haja ya kuelezwa hilo. Nikijenga kiwanda cha rumu, sukari ile ile inaniletea pesa zaidi. Uchumi wa koloni la shamba wameushika barabara.

Lakini mwenye hilo shamba yuko wapi? Nilipotaka kupanda miwa nilibofya tu. Hakuna aliyetoka nyumbani kwake kuniuliza kwa nini napima ardhi ya babu yake. Hakuna mzee wa kijiji, hakuna kaburi la mtu, hakuna mpaka. Wafanyakazi nao wanashuka melini wenyewe wakitafuta kazi. Visiwa vya Karibi vya kweli havikuwa hivyo hata siku moja. Columbus alipofika mwaka 1492 aliwakuta Wataino, na wengi wao wakaangamia kwa magonjwa, vita na kazi za shuruti. Waliokuja kukata miwa baada yao ni Waafrika waliovushwa bahari wakiwa wamefungwa minyororo. Gemu imebakisha sukari ikawaondoa wote hao.

Na huku kwetu? Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwaruhusu walowezi kumilikishwa mashamba kwa miaka 999. Mtu wa Nyanza au wa Buluyia hakwenda kulima shamba la mlowezi Njoro kwa kupenda kusafiri. Kwanza serikali ya koloni ilimtoza kila mwenye nyumba kodi, ikaidai kwa pesa taslimu, na kwa wengi njia ya kuipata pesa hiyo ilikuwa kuajiriwa. Halafu kikaja kipande. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara anaolipwa, ikiwa ndani ya kikebe cha chuma, kikebe kikining'inia shingoni. Ukitoroka kazini unatafutwa kama mhalifu, na karatasi hiyo ndiyo inayokusaliti.

Kuna kisa kimoja cha Kakamega ambacho ningependa kila mchezaji wa gemu hii akijue. Mwaka 1930 serikali ya koloni ilipitisha sheria ya kuahidi kwamba ardhi zilizotengewa Waafrika zitakuwa zao daima. Muda si muda dhahabu ikaonekana Kakamega. Mwaka 1932 sheria ile ile ikarekebishwa, ardhi ikaweza kuchukuliwa kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Hebu fikiria gemu ingekuletea uamuzi wa namna hiyo: umeahidi, dhahabu imeonekana, Ufalme unaidai, na wenye ardhi wamesimama mbele ya kasri yako. Mwanafunzi angeuelewa ukoloni hapo hapo kuliko kwa kukariri. Jengo lolote la gemu hii ni rahisi kulitengeneza kuliko uamuzi huo, lakini ni watu wenye uwezo hawa, wangeweza.

Tuje kwenye uhuru, ambapo naisifu tena. Wanamapinduzi wakishapata wafuasi wa kutosha unaruhusiwa kutangaza uhuru, na unapewa njia mbili: upigane na askari wa Ufalme, au uununue kwa pesa. Kuna watazamaji waliniambia hilo la kununua ni upuuzi. Si upuuzi, limetokea. Haiti ilijikomboa mwaka 1804 baada ya watumwa kuishinda Ufaransa vitani. Mwaka 1825 Ufaransa ikaleta manowari na kudai faranga milioni 150 ndipo iitambue nchi hiyo. Deni lilipunguzwa baadaye, lakini mikopo iliyochukuliwa kulilipa ilimalizika mwaka 1947. Ndani ya gemu unalipa mara moja, salio linashuka, bendera inapanda, yamekwisha. Ingefaa lile deni likufuate enzi zote zinazofuata, ukilikuta kila unapotaka kujenga shule. Hata sisi, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kuanzia mwaka 1962 kwa mpango wa ekari milioni moja, kwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia. Familia zilizopewa vipande katika mipango kama ule wa Lugari zilikuwa na deni la kulipa kwa udongo ambao wazee wao hawakuuuza.

Katiba nayo ni tamu. Baada ya uhuru unakaa na kuchagua vifungu, kikiwemo cha nani apige kura: wenye mali peke yao au kila raia. Usidhani ni ndoto za Karibi. Uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza Waafrika wa Kenya kuchagua wabunge wao, ulikuwa wa masharti ya elimu, mali, kazi na mengineyo, na anayetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Jirani yako asiye na cheti wala mali hana hata moja. Ndipo Oginga Odinga akaingia bungeni kutoka Nyanza ya Kati na Masinde Muliro kutoka Nyanza Kaskazini. Kwenye gemu ukiwapa kura wenye mali tu, unajikuta unawajengea wao na kuwasahau wa vibandani, bila hata kukusudia. Wakati wa uchaguzi unatunga hotuba: unachagua tatizo la kulitaja, nchi ya nje ya kuilaumu, kundi la kulisifu na ahadi ya kutoa. Ahadi usipoitimiza, watu wanaikumbuka kura ikirudi. Unaweza pia kuukataa uchaguzi wenyewe. Na pembeni kuna akaunti yako binafsi Uswisi, inajaa polepole kila unapojipendelea.

Pengo lake ni kwamba kati ya rais na raia hakuna mtu. Hakuna chifu, hakuna gavana wa kaunti wala diwani wa wadi. Anayejua habari za Nabongo Mumia wa Wanga, aliyefanywa chifu mkuu mwaka 1909, anajua mkoloni hakutawala magharibi kwa mikono yake mitupu.

Enzi ya Vita Baridi ndiyo inayonigusa zaidi mimi mtu wa Kisumu. Marekani upande mmoja, Umoja wa Kisovieti upande mwingine, wote wana misaada, na ukimkumbatia huyu yule ananuna. Ndani ya nchi una Wakomunisti na Mabepari, kila kundi na kiongozi wake na madai yake. Unajenga hospitali, kiwango cha afya kinapanda, unaendelea na kazi. Sasa pale kwenye hospitali yetu ya rufaa, ambayo watu wa hapa bado wanaiita Russia, mambo hayakwenda hivyo. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Oktoba 25, 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Odinga, aliyekuwa amejiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuongoza chama cha upinzani cha KPU, alikuwepo. Wawili hao wakarushiana maneno mbele ya umati, fujo zikazuka, risasi zikapigwa na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini. Sikatai kwamba gemu ina waasi na ina kitufe cha kumfunga mpinzani. Lakini haijui kwamba jengo lenyewe, lililoletwa kuponya, linaweza kuwa mahali pa kuumizana kwa sababu ya nani alilileta na nani analifungua.

Utamaduni siutolei alama nyingi. Muziki ni wa Kilatini, mzuri, unachangamsha, lakini ni ule ule kuanzia mkoloni hadi leo, kana kwamba uhuru haukuimbiwa wimbo mpya. Dini ipo kama kundi la kura. Lugha ya watu, matanga, majina ya watoto, hayo hayapo. Kuna sehemu moja niliyoipenda: unatuma majambazi wako wakaibe maajabu ya dunia kama Mnara wa Eiffel wayalete kisiwani. Vijana wanacheka, mimi nawaambia habari za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905 alipokwenda kwenye mazungumzo ya amani. Fimbo zake tatu za uongozi zilipelekwa Uingereza, zikarudi mwaka 2006. Aliyekuwa akichukua vitu vya wenzake tunamjua.

Basi, ununue? Ikiwa kompyuta yako inaiweza, ndiyo, na uisubiri ishuke bei, maana hushuka mara nyingi. Mwalimu mwenye kompyuta moja darasani, ianzishe kwenye enzi ya ukoloni, usiruke. Kabla hujaweka shamba la kwanza, wape wanafunzi karatasi wachore nani alikuwa akiishi pale na nani atahamishwa, kisha ndipo mjenge. Mkifika kwenye uamuzi wa kulipa au kupigana, simamisha mchezo, kitufe cha kusimamisha kipo, uwagawe makundi mawili wabishane. Ukishafanya hivyo niandikie hapa chini walichagua nini na kwa nini, nitayasoma yote.