Nimenunua jarida la hadithi mtandaoni, na hili faili la EPUB limenikosha!

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo hatuna simu wala spika, leo nachambua kitu cha kusoma, na nimekipenda mpaka nimeshindwa kusubiri siku yetu ya kawaida ya kupandisha video. Kinaitwa Clarkesworld, jarida la hadithi za kubuni za kisayansi na za miujiza, la Marekani, linaandikwa kwa Kiingereza, lipo tangu 2006 na mhariri wake ni Neil Clarke. Tuzo zake mtazitafuta Google wenyewe, mie nataka muone linanunuliwaje na ukishanunua unalisomaje, maana hapo ndo wengi mnaponiuliza.

Kinachochanganya watu ni kwamba hadithi zote ziko bure. Kila mwezi toleo jipya linapanda kwenye tovuti yao, unafungua unasoma mpaka neno la mwisho, hakuna sehemu inayokukatisha katikati eti lipia kwanza, na hadithi zipo pia za sauti, unaweka earphone zako kwenye daladala unasikiliza. Sasa utaniuliza kaka, kama ni bure nalipia nini? Unalipia faili la EPUB, yaani toleo zima limewekwa kama kitabu cha kusomea kwenye simu, ntakuonyesha sa hivi, alafu unalipia waandishi wapate hela yao. Hawa jamaa wanamlipa mwandishi kwa neno, zaidi ya senti 10 za dola kila neno, yaani hadithi ya maneno 4,000 inampa mwandishi zaidi ya dola 400, na kutuma hadithi yako hutozwi chochote. Wewe uliye Mbeya au Bujumbura unatuma kama anavyotuma mtu wa New York, ila usiwatumie kitu kilichoandikwa na akili mnemba, tafadhali. Februari 2023 walifunga kabisa mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu walimwagiwa hizo takataka mpaka zikawazidi, na mimi iliniuma, kwa sababu anayeumia pale ni yule kijana aliyekesha anaandika hadithi yake mwenyewe.

Haya, kununua. Unachagua toleo moja au unasabskraibu, unaweka kadi, unalipa, unapakua. Bei ni dola chache kwa toleo, cheki siku unayonunua alafu zidisha kwa dola ya siku hiyo. Kadi ya benki sio lazima uwe nayo, hizi Visa za kwenye simu zinatosha, na wenzangu wa Kenya mnayo M-Pesa GlobalPay tangu 2022. Hakikisha tu salio lina ziada kidogo kwa ajili ya makato, na barua pepe iandike taratibu, herufi kwa herufi, faili lako linafuata humo.

Sasa njooni karibu na skrini, hapa ndo patamu. Hili ndo faili, limeandikwa epub mwishoni. Nalifungua na ReadEra, app ya kusomea vitabu, ni ya bure na haina matangazo. Angalieni. Nakuza herufi, moja, mbili, tatu, mnaona maneno yanajipanga upya yenyewe? Hakuna mstari uliokatika, hakuna neno lililotoka nje ya kioo. Nageuza iwe nyeusi ya usiku, hii hapa, macho hayaumi. Nabonyeza yaliyomo, majina ya hadithi yote haya, nagusa moja, nimefika. Sasa nawasha hali ya ndegeni, data hakuna, bando hakuna, naendelea kusoma kama kawaida, na nikitoka nikarudi naikuta palepale nilipoishia. Mtu wa basi la Dar kwenda Mwanza anajua thamani ya hicho kitu.

Fungua PDF tuone tofauti. Haya, herufi kama sisimizi, navuta ikue, sasa nusu ya mstari imepotea kulia, nasogeza kulia nasoma, narudi kushoto kwa mstari unaofuata, kulia, kushoto, kulia, kurasa mbili tu mkono umechoka. PDF iliumbwa kwa ajili ya karatasi jamani! Tusilazimishane kusomea riwaya humo.

Na ntawaonyesha kitu kingine ambacho nakipenda mno. Nakopi hili faili, nabadilisha jina, pale mwishoni natoa epub naweka zip. Nafungua. Mnaona? Ndani kuna kurasa ndogo ndogo za maandishi kama kurasa za tovuti, kila hadithi na yake, picha ya jalada ile pale. Ndo maana maneno yanajipanga, ni tovuti ndogo imefungashwa ndani ya faili moja. Na hili halina kufuli, naliweka kwenye simu, kwenye laptopu, kwenye flashi, ni langu. Wenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, tangu 2022 mnaweza kulituma EPUB kwa ile barua pepe ya Kindle yenu, ila kwanza ingia kwenye mipangilio uiruhusu barua pepe unayotumia, bila hivyo halipokelewi.

Kwa nini nasisitiza kununua kwao moja kwa moja? Amazon walikuwa wanauza majarida kwa mwezi kupitia Kindle, mwishoni mwa 2022 wakatangaza wanafunga, 2023 wakafunga kweli. Majarida madogo yakapoteza wasomaji wengi waliokuwa wanalipa, na hawakuwa na namna ya kuwafuata, kwa sababu anwani za wateja alikuwa nazo mwenye duka. Nilikasirika na bado nimekasirika. Ukinunua kwa mwenye jarida, anakujua.

Washindani wapo. Uncanny wanauza toleo zima siku ya kwanza, bure unapata nusu, nusu nyingine mwezi unaofuata. Lightspeed bure wanakudondoshea kidogo kidogo mwezi mzima. Omenana wao ni wa Afrika, wapo tangu 2014, unasoma bure. Kwa utaratibu Clarkesworld bado wangu, ingawa ukinibana kuhusu hadithi zenyewe naanza kuyumba, Omenana nasoma naona watu ninaowajua.

Alafu kuna sisi, hadithi zetu za WhatsApp. Sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, utamu ukikolea unaambiwa tuma buku uingizwe kwenye grupu. Sina tatizo na buku, waandishi wetu wanastahili zaidi ya buku! Tatizo ni kwamba simu ikipotea hadithi imepotea, grupu likifa hadithi imekufa, na kutafuta sehemu ya 37 kati ya stika na salamu za asubuhi ni kazi. Mwandishi unayenitazama, hadithi yako ikiisha ipakie iwe EPUB, kuna programu ya bure inaitwa Calibre inafanya hiyo kazi, muuzie msomaji faili kwa hiyo hiyo M-Pesa. Video ijayo ntakaa na Calibre mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo kama una hadithi iko kwenye Word iandae kabisa, na niandikie hapo chini simu yako ni ya aina gani nijue nifungulie ipi.