JLCPCB kwa fundi wa Bongo: bodi bei chee, usafiri ndo shughuli

Nimeagiza sana bodi za majaribio za saketi (PCB, zile za kupachikia vifaa vya umeme) JLCPCB, kiwanda cha China kinachochapa bodi kwa mchoro wako, na kila nikionyesha kazi swali linakuja lile lile, eti kweli bodi tano kwa dola 2? Kweli kabisa, ila ni za leya (tabaka la shaba) moja au mbili na isizidi sm 10 kwa 10, ukipitisha hapo hata kidogo bei inaruka, na hizo dola 2 ni za bodi tu, usafiri bado. Usafiri mpaka Dar ndo unaotutoa jasho, ukichukua wa haraka unaweza kulipa mara kumi ya bei ya bodi zenyewe na ushuru unakusubiri mbele, ukichukua wa posta unashusha gharama ila uwe na roho ya kungoja. Ndo maana siku hizi tunajikusanya washkaji, oda zote zinaenda kwenye boksi moja na nauli tunachangia.

Kazi yenyewe sasa, hapo sina neno. Matundu yamekaa katikati ya duara na ndani yamepakwa shaba, yaani unaingiza mguu wa rezista, unagusisha lehemu upande mmoja, unaiona inazama na kuchomoza upande wa pili. Kwa aliyezoea kujitengenezea nyumbani, anapiga pasi karatasi ya tona juu ya bodi ya shaba halafu anaitumbukiza kwenye feriki kloraidi (dawa ya kula shaba), vidole vinageuka njano na bado aunge vipande vya waya kuvusha umeme juu na chini, hii ni raha tupu. Wachapaji wengine, OSH Park wa Marekani, nao wako vizuri, zile bodi za zambarau zenye dhahabu kwenye vituo vya lehemu, ila wanachaji dola 5 kwa inchi moja ya mraba kwa bodi tatu, sasa piga hesabu ya sm 10 kwa 10, inavuka dola 77. Kwa kitu kidogo kama sensa sawa, kwa bodi kubwa hapana aisee.

Vya kuangalia ukiagiza JLCPCB: maandishi meupe ya juu ya bodi, kimo cha herufi kikiwa chini ya milimita 1, yanatoka ukungu hayasomeki, na namba ya oda wanaweza kuichapa popote wanapoona panafaa usipowaambia pa kuiweka. Lehemu ya kawaida wanayopaka ina risasi (ile metali, lead), isiyo na risasi unaongeza hela.

Na mchoro hawakusahihishii, ukikosea wanakuchapia kosa lako kwa usafi wa hali ya juu 😂 Ukimaliza kuchora kwenye KiCad (programu ya kuchorea bodi) print kwa ukubwa halisi, asilimia 100 sio "fit to page", toboa karatasi na pini uchomeke vifaa vyako vyote uone kama miguu inakaa. Soketi za USB na relei za Kariakoo ndo zinaongoza kwa kutolingana na michoro ya mtandaoni, hizo pima kwa kalipa (kipimo cha milimita) kabisa kabla hujalipia.