Xlendi hadi Dwejra kwa miguu: uzoefu wangu kisiwani Gozo

Wengi wanaofika Dwejra, pwani ya magharibi ya Gozo kule Malta, hushushwa na basi, hupiga picha mbili tatu, kisha hurudi wakilalamika kwamba hakuna cha kuona. Lile tao la mwamba lililokuwa maarufu, It-Tieqa, lilianguka baharini kwa dhoruba asubuhi ya tarehe 8 Machi 2017. Mimi nilifika mwezi wa Aprili kwa miguu, nikitokea kijiji cha Xlendi, na nasema bila kusita: nenda, ila usiende kwa basi.

Mwanzoni unapanda. Ukishafika juu, bahari inakuwa kushoto kwako, chini kabisa ya genge, na uzio hakuna. Njia si ngumu, lakini alama ni chache. Mara mbili nilijikuta kwenye shamba la mtu ikabidi nirudi nyuma. Kivuli usikitarajie. Nilibeba lita moja ya maji, ikaisha kabla ya nusu ya safari, kwa hiyo wewe beba mbili au tatu. Na viatu viwe vya soli ngumu, maana mawe yameliwa na chumvi mpaka yana makali.

Nimekulia Tanga, karibu na mapango ya Amboni, kwa hiyo mawe ya chokaa si mageni kwangu. Hata hivyo Dwejra ilinipigisha magoti. Mwamba unaoukanyaga umejaa visahani bapa vya mawe: ni mabaki ya viumbe wa ukoo mmoja na nungu-bahari, wale wenye miiba wanaochoma wavuvi miguuni kwetu, waliofukiwa na mchanga chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Nilipitisha kidole juu ya kimoja. Ukingo ulikuwa umelainika kama sabuni iliyotumika, na katikati bado lilionekana umbo la ua. Tafadhali usivichokonoe, vikitoka havirudi.

Mbele ya ghuba kuna kisiwa cha mwamba, Il-Ġebla tal-Ġeneral. Sikio la Mswahili halipotei hapo: ġebla ni jabali. Juu yake huota mmea wa rangi nyekundu iliyokoza ambao askari-watawa wa Mtakatifu Yohane, watawala wa Malta hadi 1798, waliuamini kuwa dawa ya kuzuia damu kutoka. Mwaka 1746 mkuu wao, Pinto, alipiga marufuku watu kulipanda jabali hilo. Mnara wao wa 1652 bado unalitazama kutoka nchi kavu.

Malizia kwenye ziwa dogo la maji ya chumvi, lililobaki baada ya paa la pango kuporomoka. Wavuvi hukupitisha kwa mashua ndani ya tundu jembamba la mwamba, gizani, hadi bahari kuu. Bahari ikichafuka hawatoki. Siku hiyo ilitulia. Tuliporudi, mwenye mashua akatuaga, "Saħħa!" Nikamjibu kwamba kwetu twasema siha, na maana ni ileile: afya.