Nimepaka rangi plastiki za ndani za Hilux mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kwa fundi na kwa mkono wangu

Hii Hilux nimeichukua kwa mjomba, ile dabo kebini LN106 ya 1993, injini 3L dizeli, vioo vya kuzungusha kwa mkono, haina eabegi wala mbwembwe yoyote, na kwa injini sina neno kabisa, asubuhi unagusa ufunguo inaitika hapohapo. Shida ilikuwa ndani. Mjomba alikuwa anabebea saruji na mbuzi huko Singida, jua limeipiga miaka 30, basi dashibodi ilikuwa imepauka mpaka imekuwa rangi ya majivu, nguzo za pembeni ya kioo cha mbele zimeingia unjano, paneli ya mlango wa dereva ina ufa pale chini ya kitasa, na ukipitisha kidole kwenye plastiki unatoka na unga mweupe. Siku ya kwanza mke wangu alipanda na baibui jeusi, kushuka ubavu wote una chokaa, akaniangalia akasema "baba Zai, hili baibui sasa anafua nani?" Nikafua mimi.

Nikaanza na njia ya mkato kama wengi. Kuna gereji moja huku kwetu, jina naliacha, fundi akaizunguka gari akasema "bosi niachie jumamosi asubuhi, jioni unachukua kama imeshuka melini leo". Laki na themanini. Nikamwachia. Jioni kweli naikuta nyeusi tii inang'aa mpaka nikapiga picha nikamtumia mjomba, mjomba akajibu "hii sio yangu".

Jumapili saa sita mchana natoka Mbezi naelekea mjini, jua la utosini, nikaanza kuona maajabu, dashibodi nzima ipo kwenye kioo cha mbele, naona matundu ya hewa, naona pakiti ya karanga niliyoiweka pale juu, bajaji iliyo mbele yangu ndo siioni vizuri. Ndo nikaelewa kwanini Toyota sehemu ya juu ya dashi waliifanya isiyong'aa na yenye vinundu vinundu, ile sio ubahili, ni ili jua lisikurudie machoni. Fundi alipiga rangi ya glosi ileile anayopigia bampa. Nikawa natandika kanga juu ya dashi nikiendesha mchana, kanga ya mama Zai, kesi nyingine hiyo.

Halafu wiki ya tatu pale ninapoegesha kiwiko pakaanza kunata. Mwezi wa pili pakaanza kuachia. Siku moja nipo kwenye foleni ya Ubungo nikachokonoa na ukucha, ikatoka kipande kikubwa kama kiganja, laini, kama unamenya kitunguu, na chini yake nikapapasa nikakuta bado kuna utelezi wa ile polishi ya dashibodi wanayouza kwenye foleni, mjomba alikuwa anaipenda sana hiyo. Yani fundi alifuta vumbi na tambara kavu akapiga rangi juu ya mafuta. Nikarudi kwake, akanambia "bosi hizi plastiki za Kijapani hazishiki rangi". Nilikasirika lakini baadae nimekuja kugundua alikuwa na ukweli nusu.

Huo nusu ni huu hapa. Ukifungua kipande cha plastiki ukakigeuza nyuma utakuta kimegongwa herufi za aina ya plastiki, kwenye gari yangu fremu ya redio imeandikwa ABS na zile nguzo zimeandikwa PP. ABS inakubali rangi ukiiosha vizuri. PP ndo mtihani, ndo familia moja na ndoo na madumu, haishikwi na kitu, na ndo maana ukibandika stika kwenye ndoo haikai. Kama herufi zimefutika, kata kachembe upande usioonekana utupie kwenye glasi ya maji, PP inaelea, ABS inazama. Mi nilifanya hivyo jikoni na kipande kama punje ya mchele, mtoto akafurahi kweli akadhani ni mchezo. Kwa PP lazima utangulize ile praima ya plastiki, yani dawa ya kwanza ya kushikisha rangi, ile inayotoka kama maji haina rangi, sio praima ya kijivu ya bodi. Muuzaji wa kwanza Kariakoo alining'ang'anizia ya kijivu eti zote sawa. Sio sawa, ya kijivu ni ngumu, ukiipiga kwenye kitu kinachojikunja kama vinaili ya mlango, ile ngozi ya plastiki, inavunjika mistari mistari.

Nikanunua praima ya plastiki kopo moja elfu 28, na makopo ya spreya ya vinaili na plastiki rangi ya kijivu isiyong'aa, elfu 15 kila moja. Nilipiga hesabu ya makopo matatu yakaishia matano, hapo jipangeni, maana plastiki kavu inakunywa na milango ni minne.

Kufungua ndo kazi iliyonichukua jumamosi nzima. Kile kimkono cha kuzungushia kioo hakina skrubu, kimeshikwa na klipu ndogo ya chuma umbo la kiatu cha farasi imejificha nyuma yake, mimi siku ya kwanza niliibinya na bisibisi nikachuna paneli bure. Dawa yake ni kitambaa, unakipitisha kati ya kimkono na paneli unavuta huku na huku kama mpiga kiwi anavyong'arisha kiatu, klipu inaruka yenyewe. Na inaruka kwelikweli, ya kwanza sijaiona mpaka leo, kwa hiyo mkono mwingine uwe umezibia pale. Zile klipsi za plastiki zinazoshika paneli kwenye mlango nilivunja 11, zimezeeka hazikubali kuombwa, nikanunua mpya Gerezani kwa bei ya soda.

Sasa kuosha. Hapa ndo pesa yangu ya fundi ilipopotelea kwa hiyo hapa sikuwa na haraka. Beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi. Ya pili kama chai ya maziwa. Nikasuuza nikadhani tayari, nikamwagia maji juu ya kipande cha dashi, yakajikusanya vidonge vidonge yakakimbia kama kwenye jani la magimbi, hiyo maana yake silikoni ya polishi bado ipo, na rangi ikikutana nayo inafunguka vitundu vya mviringo. Nikarudia, safari hii nikafuta na spiriti kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikichafuka nabadilisha, sio unazungusha uchafu uleule. Mara ya nne maji yakatandaa yakalala kama shuka. Hapo ndo nikaacha. Nikawa nashika vipande na glavu tu, maana hata mafuta ya mkononi yanatosha kuharibu.

Msasa usiupeleke kwenye zile sehemu zenye vinundu, utafuta mchoro wa plastiki na haurudi tena. Mimi nilisugua taratibu na dodoki la kijani la vyombo, msasa namba 320 halafu 600 wa maji nikatumia kwenye sehemu nilizoziba tu. Fremu ya redio ilikuwa imevunjika kona, hiyo ni ABS kwa hiyo nilichukua mabaki yake nikayaloweka kwenye asetoni yakawa uji mzito, nikaujazia kwenye ufa, ukikauka unakuwa plastiki ileile. Ila msiloweke kwenye glasi za plastiki za kutupa kama zile za kwenye harusi, mimi niliweka, nikaenda kupokea simu, kurudi glasi imekaa chini kama mtu amezimia na uji umetapakaa kwenye stuli ya mama mkwe. Chukua chupa ya jamu. Kwa PP asetoni haifanyi kitu, nguzo iliyopasuka niliishona kwa nyuma na pini za stepla, unazizamisha kwa soldagani, ile ya kulehemu nyaya, zinayeyukia ndani, kwa mbele huoni kitu.

Kupaka nilifeli mara ya kwanza na ni kosa langu. Ilikuwa mwezi wa nne, masika, mvua imekata jioni nikasema hapohapo, nikapanga vipande barazani nikawasha taa. Kwanza rangi ikavuta ukungu, ikawa na weupe weupe kama dirisha la asubuhi, unyevu huo. Pili si unajua baada ya mvua kinatoka nini, kumbikumbi, waliiona taa wakaja wote na ukoo wao, nguzo ya kushoto ikaota mabawa. Mama Zai alicheka mpaka akakaa chini. Ilibidi kusubiri ikauke, kusugua na kuanza upya, na kopo moja na nusu ndo zikaishia hapo.

Nilisubiri jua siku tatu, nikapaka saa tatu asubuhi kivulini, kopo umbali kama wa shubiri moja na kidogo, mkono unaanza kabla ya kipande na kuishia nje yake. Koti ya kwanza, yani mpako wa kwanza wa rangi, iwe kama vumbi tu, unaona ya chini bado, utatamani kuijaza usiijaze. Dakika kumi, nyingine. Mimi nilienda koti nne. Kwenye zile za PP nilipiga praima nikafuata na rangi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, ukiiacha ikalala inabidi uirudie. Na vaa barakoa ya maana, ile ya kitambaa haizuii kitu, nilipenga kamasi za kijivu siku mbili.

Usukani, pedali na mikanda sijagusa, usukani utateleza na mkanda sio kitu cha kujaribia kemikali. Na kama gari lako lina eabegi achana na kile kifuniko chake, kinatakiwa kipasuke palepale kilipopangiwa.

Sasa imefika miezi saba. Pale pa kiwiko hapanati, nimebandika selotepu nikaivuta kwa hasira ikatoka safi. Mchana kioo cha mbele naona barabara, kanga imerudi kwa mwenyewe. Jumla imenitoka kama laki moja na tisini pamoja na klipsi na spiriti, kwa hiyo kwa bei hakuna nilichookoa kulinganisha na fundi, na imekula wikiendi nne. Spreya yenyewe naipa nyota nne, ile moja nimeitoa kwa sababu kijivu chake ni cha baridi zaidi kuliko kile cha Toyota, ukiweka karibu na kitako cha gia ambacho sikukipaka unaona, na nguzo ya katikati pale chuma cha mkanda kinapogonga imeshachubuka kama mkwaruzo wa paka. Gereji ile naipa moja, ya kunikaribisha chai.

Kama huna muda na lazima umpe fundi, mi ningemuuliza kitu kimoja tu kabla ya bei, "fundi, utaosha na nini?" Akianza kukuonyesha bunduki ya rangi na kompresa badala ya kujibu, funga mlango washa gari. Na umwambie juu ya dashi asiweke glosi, rudia mara mbili.

Kilichobaki ni droo ya dashibodi, bawaba zake zote mbili zimekatika kwenye mizizi na hapo hata kushona na pini hakusaidii, sa hivi naifunga na rababendi. Jumamosi naenda Shaurimoyo kuulizia ya mtumba, ikiwa ya kijivu cha Toyota ndo nitaanza kupata kichaa cha kurudia zote.