Klipsch RP-8000F II: mama watoto anaziita majeneza

Miaka sita nilivumilia zile spika nyembamba zilizokuja na seti ya sinema ya nyumbani. Bomu likilipuka kwenye filamu, zinakohoa tu. Sasa nina hizi Klipsch, spika ndefu za kusimama sakafuni. Kila moja ina spika mbili za besi za inchi 8, na kwa usikivu wa desibeli 98 (yaani zinatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo) hazihitaji amplifaya kubwa: risiva yangu kuukuu, kifaa kinachozipa sauti na nguvu, inazisukuma bila jasho. Siku ya kwanza nilizibandika ukutani, zikavuma kama pipa. Kumbe tundu la hewa liko nyuma! Nilizivuta mbele sentimita 40, besi ikanyooka, ingawa vikombe kabatini bado vinagongana. Shida ni spika yangu ya katikati, ile inayotoa mazungumzo ya filamu, ni ya zamani: haifui dafu mbele ya hizi, maneno yanamezwa. Nayo itabidi niibadilishe.