TAHADHARI: Muuza klachi wa bandarini Mkoani, Pemba. Kanitia hasara na aibu juu

Assalaam alaykum jamaa. Leo naandika ili mwengine asije akaingia nilikoingia. Na anayetaka kunicheka anicheke leo hii hii, amalize.

Ilikuwa Ijumaa, boti ishashusha watu, mie nimesimama kivulini na kanzu yangu nasubiri mzigo. Kijana akanijia taratibu, begi mgongoni. "Shikamoo ami, si wewe uliyeulizia klachi ya kirikuu?" Kweli nilikuwa nimeulizia ya kirikuu yangu, kigari changu cha mizigo, kwenye kundi letu la madereva. Akatoa katoni imezungushwa gundi ya plastiki, akaipasua kwa funguo mbele ya macho yangu. Ndani nailoni tatu: pleti yenyewe, presha pleti ya kuibana, na rilizi beringi ya kuiachia ukikanyaga pedeli. Akafunua nailoni ya pleti kona moja tu, akanishika mkono, akanipitishia kidole juu ya laini, yale mabamba ya kusuguana yaliyopigwa riveti juu ya pleti. "Gusa ami, hii haijapata kuzunguka hata siku moja wallahi."

Nikagusa. Kikwaru safi kabisa. Nikanusa, nikasikia harufu ya rangi, moyoni nikasema ndiyo harufu ya upya. Kidole gumba kikatoka cheusi. Nikajiambia hayo ni mafuta ya kiwandani ya kuzuia kutu, nikakifuta kwenye kanzu.

Mafuta kwenye pleti ya klachi! Mie ninayekaa barazani kila jioni kuwaambia watu laini ikiguswa na mafuta basi klachi itateleza, haifai tena. Mie huyo huyo.

Msiseme ni tamaa. Bei yake haikuwa ya kutupa, laki moja na arubaini, kama madukani tu. Hata pesa hakuziomba mwanzo, alinambia nitazame kwanza. Anasema kwa lafdhi ya huku huku, si mgeni. Na mmoja wetu alishanunua kwake chujio za mafuta zikawa nzima, mwenyewe anajijua, yumo humu na kanyamaza kimya. Nikataka kuitoa pleti yote kwenye nailoni, akaniambia "ami boti inaondoka, mwezi mzima ikisumbua nirejeshee." Nikalipa.

Mama watoto alipofua kanzu akaniuliza hii rangi ya nini haitoki. Nikamjibu mambo ya magari hayajui. Mpaka leo hajasema kitu, ananitazama tu.

Klachi ikafungwa. Gari ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia laini kama kisu kwenye mkate wa kumimina. Washa injini sasa! Namba moja inakataa, rivasi inapiga kelele mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Fundi akakaza nati ya waya wa klachi. Akakaza tena. Mara ya tatu uzi wa nati ukaisha, pedeli imekuwa juu kama ngazi, na gia bado zinagoma. Nikamwambia kapachika pleti kinyume, nikamwita mwanagenzi mbele ya wateja wake. Mzee wa watu akanyamaza. Siku ya pili nikazimikiwa nikipandisha kutoka bandarini Wete, mikungu ya ndizi nyuma, foleni ya magari na honi, watoto wa skuli wananisukuma huku wanaimba.

Tukashusha giaboksi upya. Fundi akaichukua pleti akailaza juu ya kioo cha dirisha, akaibonyeza ukingoni kwa kidole kimoja. Ikacheza, tak tak, kama sahani iliyopinda. Akaisugua kwa kitambaa cha petroli, rangi nyeusi ikatoka yote, chini yake chuma kizee cha kutu. Laini zimepigwa mpya juu ya pleti ya zamani, riveti moja imekaa upande. Meno ya katikati yameliwa, ukiivisha kwenye shafti ya giaboksi inakwama nusu njia. Ndiyo maana: unakanyaga pedeli, presha pleti inarudi nyuma kidogo tu, na pleti iliyopinda haiachii, inaendelea kuzungushwa na injini. Shafti haisimami, gia itaingiaje? Fundi hakunambia neno. Nimemwendea nyumbani kumuomba radhi, na ufundi wa mara ya pili nimemlipa.

Yule kijana simu haipatikani tena. Namba yake na picha nimeshafikisha polisi. Mtu wa namna hii angefungiwa bandari zote, Mkoani na Wete, asikanyage boti hata kwenda kuzika. Angevishwa hiyo pleti shingoni apitishwe soko la Chake siku ya watu, kila dereva amuulize imeshazunguka siku ngapi. Gari ya abiria ikikwama mlimani na breki zake za kubahatisha, ikarudi nyuma, atalipa roho za watu kwa rangi ya kopo? Mwenye kumjua wazazi wake anifikishie, nakwenda mwenyewe, kwa heshima.

Haya, mnaoniuliza nini cha kutazama: vueni nailoni yote, rangi ikitoka kidoleni acheni. Nendeni na pleti yenu kizee mpime upana na mhesabu meno. Na fundi aivishe kwenye shafti kwa mkono kabla ya kufunga, lazima iteleze yenyewe. Asiye na duka hana pa kurejeshewa, hilo nalijua tangu zamani, msinikumbushe.

Kirikuu iko juu ya mawe. Mwenye pleti nzima, hata ya gari iliyokatwa, anipigie, nakuja kuitazama mchana na kitambaa cha petroli mkononi.